Nasaba Haifutwi kwa Kalamu: Tuwaandikeje Katika Mti wa Ukoo Waliokaa Bila Ndoa na Watoto Wao?

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, aliyejaalia baina ya waja wake undugu wa damu na undugu wa ukwe. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Wasomaji wetu wa Mkoa wa Kilimanjaro wanajua kuwa kila ifikapo Desemba, barabara za kupanda mlimani kutoka Moshi hujaa watu wanaorudi kwao. Koo hukutana, Waislamu na Wakristo wa damu moja wakikaa kikao kimoja. Siku hizi koo nyingi zimeanza kuandika mti wa ukoo, yaani shajara ya nasaba. Kazi hiyo ni njema, kwani kujua nasaba ndiko kunakowezesha kuunga kizazi. Lakini kazi hiyo ina mlango mzito: wanandikwaje wale ambao ndoa yao haijulikani, au walioishi pamoja bila ndoa, na watoto waliozaliwa kwao?

SWALI LILILOLETWA MBELE YETU

Tuliwahi kuletewa karatasi kubwa ya mti wa ukoo mmoja wa mlimani. Kijana aliyeiandika, katibu wa kikao, aliweka alama ya kuuliza kwa penseli kando ya jina la bibi mmoja aliyefariki zamani. Mzee mmoja alikuwa amesema kikaoni kwamba bibi yule "hakuolewa", kwa hiyo tawi lake lote lifutwe. Tawi hilo lina wajukuu na vitukuu, nao wanamwita yule mzee babu yao. Miongoni mwao alikuwamo binti aliyekaribia kuolewa, na imamu wa mtaa aliuliza swali ambalo kila imamu analijua: nani walii wake? Tawi likibaki, walii ni ami yake aliyepo. Tawi likifutwa, ami si ami tena, na walii ni kadhi.

Basi alama ndogo ya penseli ilikuwa imebeba uwalii, mirathi, umahramu na heshima ya mwanamke aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Kwa sababu hiyo tumeona tuliandikie jambo hili kwa kirefu.

KAZI YA NASABA KATIKA UISLAMU

Waarabu kabla ya Uislamu walihifadhi nasaba kwa ajili ya kujifaharisha. Uislamu ukaibakisha elimu hiyo na kuisafisha. Katika Suratul Ahzab, aya ya 4 na ya 5, Mwenyezi Mungu aliamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao wa kweli, na asiyejulikana baba yake akabaki kuwa ndugu katika dini. Kabla ya hapo Zayd bin Haritha (r.a.) alikuwa akiitwa Zayd bin Muhammad. Baada ya aya hiyo alirudishiwa jina la baba yake, wala mapenzi ya Mtume (s.a.w.) kwake hayakupungua. Tunajifunza hapo kuwa kusema kweli juu ya nasaba ya mtu si kumtupa mtu huyo.

Zama za ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), ilipoanzishwa diwani ya kugawa mafungu, kazi ya kuandika watu kwa kabila zao walipewa watu watatu mabingwa wa nasaba: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Waliamrishwa waanze na jamaa wa Mtume (s.a.w.). Kwa hiyo tangu mwanzo shajara katika Uislamu ilikuwa ni karatasi yenye haki za watu ndani yake, na mwandishi wake alikuwa na amana kama ya shahidi.

MTOTO WA ZAM'A

Asili kubwa ya mlango huu ni kesi iliyoamuliwa na Mtume (s.a.w.) mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, nayo imepokewa na Bukhari na Muslim. Utba bin Abi Waqqas alimuusia ndugu yake, Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.), kwamba mtoto wa mjakazi wa Zam'a ni wake, amchukue. Sa'd alipotaka kumchukua, alisimama Abd bin Zam'a akasema kuwa huyo ni ndugu yake, amezaliwa katika tandiko la baba yake. Mtume (s.a.w.) alimtazama mtoto akaona amefanana wazi na Utba. Pamoja na hayo alihukumu kuwa mtoto ni wa Abd bin Zam'a, kwa kanuni kwamba mtoto ni wa mwenye tandiko na mzinifu hana haki. Kisha akamwamrisha mkewe, Sauda bint Zam'a (r.a.), ajisitiri na kijana huyo, ingawa kwa hukumu ile alikuwa ndugu yake.

Tuizingatie kesi hii. Ndani yake yamehifadhiwa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni nasaba ya kisheria, nayo ilithibitishwa kwa Zam'a bila kuyumba kwa ajili ya sura. La pili ni tahadhari, nayo haikufutwa: Sauda aliambiwa ajisitiri. Mtume (s.a.w.) hakuiacha tahadhari ivunje nasaba, wala hakuiacha nasaba isahaulishe tahadhari. Huu ndio msingi tunaoujengea makala hii yote.

ZIYAD: NASABA ILIYOANDIKWA KWA AMRI YA UTAWALA

Mfano wa pili ni wa historia, na ni onyo. Ziyad alizaliwa Taif na mama yake akiitwa Sumayya. Akawa mtu hodari wa kutawala na hodari wa maneno. Mwaka wa 44 Hijria, Muawiya alimtangaza kuwa ni mtoto wa baba yake, Abu Sufyan, kwa madai ya mambo yaliyotokea zama za ujahilia. Wengi walilikataa jambo hilo. Abu Bakra (r.a.), nduguye Ziyad kwa mama, alimsusa. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Ziyad alipodaiwa hivyo, Abu Bakra aliulizwa juu yake, ikatajwa Hadithi aliyoipokea Sa'd bin Abi Waqqas ya makamio makali kwa anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake hali anajua, naye Abu Bakra akasema kuwa hata yeye ameisikia kwa Mtume (s.a.w.). Tazama! Sa'd ndiye yule aliyemdai mtoto wa Zam'a. Alipohukumiwa alinyamaza, kisha akawa mpokezi wa onyo hili.

Nini kilifuata? Watawala wa Bani Umayya walimwita Ziyad bin Abi Sufyan. Wanahistoria wengine walimwita Ziyad bin Sumayya, na wengine Ziyad bin Abihi, yaani mtoto wa baba yake, wasiseme zaidi. Mwaka wa 160 Hijria, Khalifa al-Mahdi wa Bani Abbas aliamrisha kizazi cha Ziyad kitolewe katika diwani ya Makuraishi na kirudishwe kwa Ubayd, mume wa Sumayya. Zaidi ya miaka mia moja ilikwisha pita! Watu waliozaliwa, wakaoa na kuzaa wakijiita Makuraishi waliamka wakiwa si Makuraishi. Hayo ndiyo matunda ya kuandika nasaba kwa matakwa ya mwenye nguvu, na kuifuta kwa matakwa ya mwenye nguvu mwingine. Na mwenyekiti wa ukoo katika kikao chake naye ni mtawala mdogo.

TUKIRUDI MLIMANI

Sasa turudi Kilimanjaro. Anayesema "bibi fulani hakuolewa" mara nyingi anakusudia kuwa hakuna cheti, wala hakukuwa na sheikh wala padri. Lakini katika fiqhi kutokuwapo cheti hakulazimishi kutokuwapo nasaba. Tumeona mapito manne ambayo kwayo jina la mwanamke huingia katika shajara za mlimani bila ndoa inayojulikana, na hukumu zake hazilingani.

Pito la kwanza ni ndoa ya kimila kabla ya Uislamu. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilimanjaro, kiongozi wa msafara wake alikuwa Mwislamu wa pwani, Bwana Kheri. Waislamu wa misafara walikuwa wakipita mlimani, lakini watu wengi wa vihamba walisilimu baadaye sana. Kabla ya hapo waliozana kwa mila zao. Mahari ya Kichagga hayakuwa ya siku moja. Yalikwenda kwa hatua: mbege, mbuzi, na mafungu ya nyama kwa wajomba na mashangazi, na hatua za mwisho ziliweza kuchukua miaka mingi. Aliyekufa kabla ya kumaliza hakufa akiwa mzinifu. Mtume (s.a.w.) alipokea makundi ya watu waliosilimu na wake zao, wala hakuwauliza mashahidi wenu ni nani na walii wenu alikuwa nani. Ghaylan wa Thaqif alisilimu ana wake kumi, akaamrishwa abakize wanne, na ndoa zake hazikuambiwa kuwa hazikuwapo. Basi mtoto wa ndoa ya mila ni mtoto wa baba yake bila shaka.

Pito la pili ni la mateka na masuria. Katika karne ya 19 Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walipigana vita, na wanawake walitekwa. Wengine walibaki mlimani na wengine walipelekwa pwani. Kule pwani watoto wa masuria walihesabiwa watoto kamili. Watoto wa Sayyid Said bin Sultan wa Zanzibar waliobaki hai alipofariki mwaka 1856 walikuwa wa masuria, na miongoni mwao ndimo walimotoka watawala waliomfuata. Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922. Leo mwandishi akikuta bibi asiyekuwa na mahari wala harusi, huenda ni mateka. Hata tukisema, na ni kweli, kwamba vita vile havikuwa vya kisheria na umiliki wake ni batili, mwanamume aliyeamini kuwa anamiliki kihalali ana shubha, na shubha inathibitisha nasaba ya mtoto.

Pito la tatu ni ndoa yenye kasoro, kama iliyofungwa bila walii anayestahiki au ndani ya edda kwa kutojua. Ndoa kama hiyo hutenganishwa, lakini mtoto wake ni wa baba.

Pito la nne ni zinaa iliyothibiti. Hili peke yake ndilo ambalo mtoto hunasibishwa kwa mama. Na angalieni kuwa mapito matatu kati ya manne yanathibitisha baba. Kwa nini basi sisi tukione cha nne kabla ya vile vitatu?

UVUMI WA WATU NA UKIRI

Imamu Nawawi (Mwenyezi Mungu amrehemu), aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika Minhaj at-Talibin, kitabu tunachokisomesha katika madrasa zetu, amekubali ushahidi wa kuenea habari katika kuthibitisha nasaba. Akaongeza kwamba kauli sahihi zaidi kwa wahakiki ni kuikubali pia katika ndoa. Yaani watu wengi wa mahali wakiwa wamewajua fulani na fulani kuwa ni mume na mke, na fulani kuwa ni mtoto wao, hiyo ni hoja.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 160, nayo ina jambo linalokaribia hilo: mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi wakajulikana kuwa ni mume na mke, huchukuliwa kuwa walioana mpaka ithibitike vinginevyo. Ila ipo tofauti ambayo imamu asiisahau. Kuenea habari ni dalili ya ndoa iliyopita isiyokuwa na mashahidi leo, hakuumbi ndoa. Wawili walio hai wakikiri wenyewe kuwa hawakufunga nikaha, miaka 2 wala 20 haiwafanyi mume na mke mbele ya Mwenyezi Mungu. Dawa yao ni toba na kufunga nikaha.

Njia nyingine ni ukiri. Mwanamume akisema "huyu ni mwanangu", na umri unawezekana, na mtoto hana baba mwingine anayejulikana, na mtoto akiwa mtu mzima akakubali, nasaba imethibiti. Mafakihi hawakumtaka aeleze alimpataje, maadamu hakusema mwenyewe kuwa ni kwa zinaa. Akifa bila kukiri, warithi wake waweza kukiri, lakini katika madhehebu ya Shafii ni lazima warithi wote waafikiane. Mwenyekiti peke yake hatoshi kuingiza mtu, na mzee mmoja hatoshi kumtoa.

WALIOKAA KINYUMBA

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kahawa ikastawi, mashamba makubwa yakafunguliwa, mji ukakua. Walikuja wanaume wa makabila mengi, wengine wakiwa wameacha wake zao kwao, wakawa wanakaa kinyumba na wanawake wa mjini. Hapa ndipo pito la nne lilipopanuka, nasi hatutalifunika.

Kauli ya maimamu wanne na wanachuoni wengi ni kwamba mtoto wa zinaa hanasibishwi kwa mzinifu hata akimdai. Nasaba yake ni kwa mama, anamrithi mama na jamaa za mama, nao wanamrithi. Wapo wengine, kama Is'haq bin Rahawayh, na kabla yake imepokewa kwa Hasan al-Basri, na baadaye wakaipa nguvu Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, waliosema kuwa mama akiwa hana mume na mwanamume akamdai mtoto, aunganishwe naye. Miongoni mwa hoja zao ni lile lililopokewa na Imamu Malik katika Muwatta, kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiwaunganisha watoto wa zama za ujahilia na waliowadai katika Uislamu. Sisi tunafuata kauli ya wengi, lakini tumeitaja ya pili ili mwanafunzi ajue kwamba aliyeifuata kwa fatwa ya mwanachuoni hakuzua.

Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimruhusu mwanamume kumhalalisha mtoto kwa kumuoa mama yake, au kwa kulipa shilingi 100 kwa baba wa mwanamke kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Mwislamu ajue kuwa katika sheria yetu nasaba haiuzwi wala haitolewi zawadi. Lakini anayetaka kumtendea wema mtoto kama huyo milango iko wazi: amlee, amsomeshe, ampe hiba angali hai, na amuusie kwa mipaka ya theluthi ya mali.

Na kwa vipimo vya vinasaba, Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka, katika kikao chake cha 16 cha Januari 2002, liliamua kuwa visitumike kukanusha nasaba iliyothibiti wala kushika nafasi ya li'ani, bali vyaweza kusaidia pale panapogombaniwa asiyejulikana nasaba yake, au watoto wanapochanganywa hospitali. Hukumu hiyo inafuata njia ya kesi ya Zam'a: sura ilionekana wazi, na tandiko likabaki kuwa ndilo hukumu.

NAMNA YA KUANDIKA

Kwa makatibu wa koo tunausia yafuatayo.

Kwanza, asifutwe mtu. Mtoto hana dhambi ya wazazi wake, na Qur'ani imekariri kuwa hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine. Asiyethibiti baba yake aandikwe chini ya mama yake. Kunasibishwa kwa mama si tusi: Sahaba na jemadari Shurahbil bin Hasana ametambulikana kwa jina la Hasana, na Muhammad bin al-Hanafiyya, mwana wa Sayyidna Ali (r.a.), kwa jina la mama yake, na baba zao walijulikana.

Pili, asizuliwe baba. Kumpa mtu baba asiyekuwa wake ili kuficha aibu ni lile lile lililoonywa na Sa'd na Abu Bakra, na madhara yake hufika kwenye uwalii na mirathi.

Tatu, yasiandikwe maneno "zinaa", "haramu" wala "nje ya ndoa". Kalamu nayo ni ulimi. Anayemtuhumu mwanamke mwema bila mashahidi wanne ameingia katika kosa la kusingizia, ambalo Suratun Nur imelitajia mijeledi 80 na kukataliwa ushahidi. Bibi aliyekufa hawezi kujitetea, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kumtetea.

Nne, tahadhari ihifadhiwe. Ikiwa wazee wanajua kuwa mtu wa tawi hili alizaliwa na mwanamume wa tawi lile bila ndoa, jambo hilo lisitundikwe ukutani, lakini lisizikwe pia. Likae kwa wazee wawili au watatu waaminifu, ili vijana wa damu moja wasije wakaoana. Wanachuoni wengi wameharamisha ndoa hiyo, na walio katika madhehebu yetu walioona ni makuruhu hawakuipendekeza. Hiyo ndiyo sitara ya Sauda.

HITIMISHO

Ama ile karatasi ya penseli, tulimwomba kijana awaulize akina mama wakongwe kabla ya kuandika chochote. Shangazi mmoja mwenye umri mkubwa alisema mbuzi wawili walipelekwa kwa akina bibi yule, mbege ikanywewa, na mbuzi wa tatu hakupelekwa kwa kuwa mume alifariki. Wakati huo ukoo ulikuwa haujaingia Uislamu. Ndugu za marehemu waliishi na mtoto yule kama mtoto wa ndugu yao maisha yao yote. Alama ya kuuliza ikafutwa, ukachorwa mstari, na ami akamuozesha binti ya ndugu yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli kuhusu waliotutangulia, na kuwasitiri. Wallahu a'alam.